Bati jipya kwa gari kuukuu: kuchomelea bodi nyumbani, pwani ya Mtwara

Anza na sumaku. Tafuta spika mbovu ya redio, ng'oa sumaku iliyo nyuma yake, ifunge kwa kitambaa ili isikwaruze rangi, kisha ipitishe polepole juu ya bodi ya gari lako. Inaponata kwa nguvu, hapo pana chuma. Inaponata kwa kusitasita, au inapoteleza na kuanguka, chini ya rangi pana puti, yaani ule udongo wa kujazia mashimo, na nyuma ya puti mara nyingi pana kutu.

Jirani yangu mmoja pale Shangani alinunua pikapu aina ya Peugeot 504 iliyokuwa inang'aa kama sahani. Sumaku iliteleza ubavu mzima wa kushoto. Tulipoikwangua, puti ilitoka vipande vyenye unene wa kidole, na katikati yake tukakuta kipande cha gunia kilichosokotwa kuziba tundu ambalo ngumi ingepita. Gari lilikuwa limebeba chumvi na samaki miaka mingi. Aliyelipaka rangi aliuza sura tu.

Ndiyo sababu naandika. Huku kwetu kosa kubwa haliko kwenye moto wa kuchomelea. Liko kwenye kuweka bati jipya juu ya chuma kilichooza na kuuacha mgongo wa bati hilo bila rangi. Kiraka cha namna hiyo hakivuki masika mbili, hata kama kimepigwa na fundi mwenye mkono wa dhahabu. Chumvi ipo hewani, ipo kwenye mchanga wa Msimbati ambako watu hupenda kuendesha ufukweni, ipo kwenye tope la mikoko unaposhuka kuelekea kivuko cha Kilambo. Inaingia kwenye mikunjo ya bodi, inavuta unyevu usiku, na kazi inaanza tena.

Magari yenyewe bado yapo. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, wakati Waingereza wakihangaika na mradi wao wa karanga uliozaa bandari ya Mtwara, na kwa miaka mingi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, gari lisiloogopa matope ndilo lililofika Dar es Salaam. Leo mengi yamekaa chini ya mikorosho, kuku wakitaga ndani. Wanaoyathamini wameongezeka: Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa wingi kwenye tamasha lao. Ukiwa na moja uani, au Land Cruiser ya zamani, au Datsun ya marehemu mzee, linafaa kufufuliwa.

Swali la kwanza ni hili: bodi yako ni ya nini? Magari mengi ya zamani ni ya bati la chuma lenye unene wa kati ya milimita 0.8 na 1. Land Rover za zamani ni tofauti. Ngozi yake ya nje, kwa sehemu kubwa, ni ya alumini, na sumaku haitanata hata pale palipo pazima, kwa hiyo usije ukaogopa bure. Alumini haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya chuma. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, na haibadiliki rangi kukuonya. Inakaa nyeupe, halafu ghafla pana tundu. Kwenye Land Rover, chomelea mifupa ya chuma: chasi, miguu inayotoka kwenye chasi kushika bodi, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ngozi ya alumini irudishe kwa ribiti, na kila inapogusana na chuma weka rangi nzito au kipande cha mpira katikati. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, hulana kama betri, na inayoliwa ni alumini.

Je, kazi hii unaiweza mwenyewe? Kukata, kusafisha, kupima na kupaka rangi unaweza, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Kuchomelea bati jembamba kunahitaji mkono uliozoea. Kama hujawahi kushika mashine, nenda chuo cha VETA Mtwara uulize kozi fupi ya uchomeleaji, au pita SIDO uulize fundi wanayemfahamu. Njia ya tatu, ambayo naipenda zaidi kwa mtu mwenye shughuli zake, ni kuandaa kila kitu mwenyewe, bati likiwa limekatwa na limekaa mahali pake, kisha kumwita fundi aje na mashine yake kwa nusu siku. Fundi bodi mzuri hachukii kukuta kazi imeandaliwa. Anachukia kukwangua puti ya mtu mwingine.

Kabla ya kumkabidhi fundi yeyote, mpe mtihani. Chukua vipande viwili vya bati la unene ule ule wa gari lako, mwambie aviunge ukingo kwa ukingo. Kisha vikunje kwenye jiriwa, mbele na nyuma. Kiungo kikifunguka, au bati likiwa limejaa matundu na mawimbi, mshukuru, mlipe soda yake, umtafute mwingine.

Mashine gani itumike? Mafundi wengi wa mitaani wana mashine ya vijiti, ile ya kuchomelea madirisha na mageti. Kwa chasi inafaa kabisa. Kwa bati la milimita moja haifai, maana kijiti cha kawaida cha milimita 2.5 kinahitaji umeme mwingi kuliko bati linavyoweza kustahimili. Utatoboa, utaziba, utatoboa tena. Gesi ya oksijeni na asetilini hufanya kiungo laini kinachogongeka vizuri kwa nyundo, ila joto lake husambaa, na bati pana kama mlango au boneti huishia kubonyea na kurudi kama kifuniko cha debe. Ukitumia gesi, iwe ya mitungi halali. Ule mtungi wa kienyeji, pipa la kabaidi na maji, usiuruhusu uani kwako. Asetilini ikibanwa kupita kiasi hulipuka yenyewe, bila hata cheche.

Iliyo bora ni mashine ya waya, ambayo mafundi huiita mig. Waya mwembamba hutoka wenyewe kwenye bomba unapobana kitufe. Kwa bodi chagua waya wa milimita 0.6 na gesi ya kukinga moto usichafuliwe na hewa. Lakini kabla ya kununua mashine, uliza mtungi wa gesi utaujaza wapi. Kama jibu ni Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 500, huenda ukaona afadhali waya wenye dawa ndani yake, usiohitaji mtungi. Huo unarusha cheche nyingi na una joto kali zaidi, ila unavumilia upepo. Ukiutumia, soma kitabu cha mashine na ugeuze nyaya: kwa waya wa dawa, bomba huwa upande wa hasi, na klipu ya ethi upande wa chanya. Wengi hawageuzi, halafu wanailaumu mashine.

Umeme wa nyumbani unatosha kwa mashine ndogo ya inveta. Usitumie waya mwembamba wa kurefushia ule wa kuchajia simu, na kama waya wako umezungushwa kwenye kigurudumu, ufungue wote, maana ukiwa umejiviringa hupata moto. Kuhusu LUKU usiwe na hofu: mashine hula umeme mwingi pale tu cheche inapowaka, na kwa bati jembamba saa nzima ya cheche tupu haitazidi uniti mbili hivi.

Sasa bati. Dukani omba bati jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la geji 20 kwa bodi na geji 18 kwa sakafu. Geji inavyopungua ndivyo bati linavyokuwa nene. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 23 hivi, na inatoa vipande visivyopungua 12 vya sentimita 40 kwa 50, vinavyotosha viraka vingi. Ukihitaji kidogo, kata nusu na mwenzako. Bati la kuezekea nyumba usilitumie. Ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaokuletea homa, baridi na maumivu ya mwili usiku huo huo, ukadhani ni malaria. Kama unahitaji fenda au mlango mzima wenye umbo, ulizia Ilala au Kariakoo, Dar es Salaam, ambako spea zilizotumika ni nyingi. Mwombe muuzaji apitishe sumaku huku akikurekodia video.

Kuhusu gharama, sitakuandikia shilingi ambazo mwezi ujao zitakuwa uongo. Nitakwambia zinavyogawanyika. Kwenye pikapu ya jirani yangu, bati lilikuwa fungu dogo kuliko yote. Diski za grainda, msasa, praima na rangi vilikula zaidi. Kubwa kuliko yote ilikuwa kazi ya fundi, na tuliipunguza kwa kuandaa wenyewe. Patana naye kwa kazi, si kwa siku, na makubaliano yaandikwe hata kwenye daftari la shule: viraka vingapi, wapi, nani ananunua waya, na kwamba kazi haijaisha mpaka mgongo wa kila kiraka umepakwa praima. Hilo la mwisho ndilo atakalolisahau.

Kabla ya cheche ya kwanza, ondoa betri garini. Si kulegeza waya mmoja. Itoe nje kabisa. Tanki la mafuta nalo litoke, likae mbali. Usidanganyike kwamba tanki tupu ni salama: mvuke wa petroli ndani ya tanki tupu ni hatari kuliko petroli yenyewe. Toa viti, mazulia, na ile lami iliyopakwa sakafuni kuzuia kelele, maana inashika moto upande usiouona. Kama chini ya gari pamepakwa oili chafu, kwangua na ufute kwanza. Weka ndoo ya mchanga, ndoo ya maji na mtu wa kuangalia upande wa pili wa bati. Ukimaliza, mtu huyo abaki hapo saa nzima, kwa sababu moto wa gari mara nyingi huanza watu wakiwa wameenda kula. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani.

Macho yako hayana spea. Miwani ya jua si kinga. Tumia kofia ya kuchomelea yenye kioo cha namba 10 au 11, na watoto wakae mbali wasitazame, kwani mwanga huo huunguza jicho bila maumivu ya papo hapo. Maumivu huja usiku, kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Wapo watakaokushauri maziwa au vipande vya kiazi. Achana nayo, nenda Hospitali ya Ligula au kituo cha afya kilicho karibu. Vaa nguo za pamba za mikono mirefu, si za nailoni, na viatu vya kufunika mguu. Kandambili na cheche havipatani.

Wakati gani ufanye kazi? Kwetu mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kufika Aprili au Mei, kwa hiyo miezi ya kuanzia Juni ndiyo mizuri. Tatizo la miezi hiyo ni upepo wa kusi, unaopeperusha gesi ya mashine na kuacha kiungo kilichojaa vitundu kama mkate. Anza alfajiri kabla upepo haujaamka, na tundika turubai upande unakotoka. Jambo jingine la pwani: chuma ulichokisugua kikang'aa jioni, asubuhi utakikuta kimevaa vumbi la rangi ya chungwa. Usisugue leo utakachochomelea kesho.

Haya, tukate. Kama unakata ubavu wa chini ya mlango au sakafu kubwa, kwanza chomelea fito ya chuma kwa ndani kuvuka uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, na gari likae sawa kwenye mihimili imara. Usipofanya hivyo bodi hulegea wakati wa kukata, ukaja kuifunga katika umbo baya, na mlango usifungwe tena maisha. Fungua na ufunge mlango kila hatua. Huo ndio mzani wako.

Chukua bisibisi, gonga kuzunguka tundu. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Weka alama pale kinapolia, kisha songa sentimita 2 au 3 zaidi, ukate hapo. Inauma kuona kitundu cha ukubwa wa shilingi mia kikigeuka dirisha la ukubwa wa kitabu, lakini chuma chembamba kilicholiwa nyuma hakishiki moto. Kinayeyuka na kukimbia. Kata umbo la kiraka kwanza kwenye kipande cha boksi, lijaribu, lirekebishe, ndipo uhamishie kwenye bati. Pembe zote zizungushe kwa kufuata sarafu, kwani pembe kali hukusanya joto na baadaye hupasuka.

Kiraka kikae usawa mmoja na bodi, ukingo kwa ukingo, na pengo dogo la kupitisha wembe wa msumeno wa chuma. Mafundi wengi hupandisha bati juu ya bati kwa sababu ni haraka. Kwa Dodoma pengine utasamehewa. Kwetu ule mdomo kati ya mabati mawili hunywa maji ya chumvi na haukauki. Panapolazimika kupandishwa, kama kiwandani walivyofanya kwenye mikunjo ya sakafu, toboa bati la juu matundu ya milimita 6, paka praima ya zinki katikati, safisha penye tundu, kisha jaza kila tundu kwa moto.

Kuchomelea kwenyewe ni kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kushona. Piga nukta moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia. Kila nukta ni kubana kitufe kwa muda wa pumzi moja fupi, kisha kuachia. Zunguka mpaka nukta ziwe kila baada ya sentimita 3. Kiraka cha sentimita 40 kwa 50 kina mzingo wa sentimita 180, kwa hiyo ni nukta 60 za kushikiza tu, na utahitaji zaidi ya 300 kukijaza. Usijaze mfululizo. Nukta moja hapa, nyingine upande wa mbali, na kila baada ya chache weka kiganja kando ya kiungo: kama huwezi kukiacha hapo, ngoja. Bati likipata joto hutanuka, likipoa hujikunja zaidi ya lilivyokuwa, na ndipo ubavu unapokuwa na mawimbi. Kiungo kikiwa kimepoa, shika chuma kizito nyuma ya kiungo na ukigonge taratibu mbele kwa nyundo bapa. Kitalegea na kunyooka.

Sugua kwa diski ya msasa, ukiishia kwenye kiungo bila kula bati la pembeni. Kisha subiri giza. Mtu mmoja aingie chini ya gari na tochi, wewe utazame kutoka ndani. Kila tundu lililobaki litaonekana kama nyota. Tulihesabu nyota 11 kwenye sakafu ya ile Peugeot, na fundi alikuwa ameshafunga mkoba wake. Alifungua.

Futa kwa kitambaa chenye maji baridi safi, si ya kisima cha chumvi, kausha kabisa, na upake praima siku hiyo hiyo, mbele na nyuma. Kisha mikunjo yote izibwe kwa gundi ya kuzibia bodi, ndipo rangi. Puti isizidi milimita 2 au 3. Mwisho wa yote nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya milango na mabomba ya bodi yasiyofikika kwa brashi, ukiacha wazi vitundu vya kutolea maji vilivyo chini. Oili chafu watu huitumia badala ya nta. Ni afadhali kuliko kuacha wazi, lakini huharibu mpira na rangi.

Namba ya chasi usiiguse kwa grainda wala moto. Ukibadili rangi ya gari, kadi yake nayo ibadilishwe TRA, usije ukabishana na trafiki barabarani kwa gari lako mwenyewe.

Na siku utakapolitoa mpaka Msimbati kujionyesha, ukirudi lioshe chini kwa maji baridi kabla hujakaa kula.